Kimya Kuanzia Mtoni

Jumanne, 9 Mei. Esposende

Kilomita ishirini na moja. Malengelenge mawili, yote mguu wa kulia. Ndugu yangu Abílio hana hata moja — na ule mguu wake wenye vyuma! Tangu tutoke Póvoa tumesemezana maneno kama arobaini. Mengi ni "maji" na "shika".

Nisingekuja. Ila mama mdogo Deolinda kaota tena: marehemu mama kasimama ukingoni mwa mto Minho, peku, hana wa kumvusha. Akaja kunisema kiwandani, cherehani zangu kumi na moja zikanyamaza zote. "Nadhiri ya mama yenu haimpi usingizi! Aliyeapa kafa. Mliobaki, lipeni!"

Nadhiri yenyewe: Abílio alipoanguka kazini kule Ufaransa, kutoka ghorofa ya tatu, mama alimwahidi Mtakatifu Yakobo kwamba mwanawe akipona, atakwenda kanisani kwake Santiago, Hispania, kwa miguu na watoto wake wote wawili, na kuanzia mtoni mpaka kanisani hatatamka mtu neno. Mwana akapona. Mama hakwenda. Kwanza magoti, kisha mimi na shughuli zangu, kisha kifo.

Sawa, nitanyamaza. Lakini kabla ya mto nina swali moja. Mwaka jana Machi, mama alipokuwa anakata roho, nilimpigia Abílio mara ishirini na tatu. Ishirini na tatu! Inaita mpaka inakata. Akaja siku tatu baada ya maziko. Mlangoni nikamwambia: usifungue mdomo wako, sitaki hata neno. Akageuka, akaenda zake. Miezi kumi na minne.

Nina siku tatu za kuuliza.

Jumatano, 10 Mei. Viana

Kilomita ishirini na tano, kumi na sita kati yake mvua tupu. Abílio yuko mbele daima. Mara mbili kakata kona kabla mshale wa njano wa kuonyesha njia haujaonekana. "Umejuaje?" "Kwa pua, dada." Mzaha wa baba ule ule.

Daftari lake la hija, la kugongewa muhuri kila hosteli, halionyeshi. Hosteli zote anangoja nigongewe langu, nitoke, ndipo aende mezani peke yake. Msiri tangu utotoni — hata soseji aliilia kabatini.

Darajani nikasema zimebaki hatua elfu nne. Akacheka. "Dada, ungetembea badala ya kuhesabu, tungeshafika."

"Na wewe ungepokea simu —"

Nikaishia hapo. Akatazama viatu vyake. Nikauliza kama mkate wa mahindi umebaki. Mimi! Mwanamke niliyeanza na cherehani moja ya mkopo, nikawashinda matajiri watatu kwa maneno, ndiye ninayeuliza habari za mkate.

Alhamisi, 11 Mei. Caminha

Ishirini na saba. Hispania iko ng'ambo pale, ungeita mtu angeitika. Boti nimeipanga kesho saa tatu asubuhi. Kahawa saa moja na nusu. Ninabakiwa na saa nzima na nusu, inatosha hata kugombana.

Swali nimelipunguza mpaka maneno mawili: ulikuwa wapi? Siogopi kuuliza. Naogopa atasema alikuwa amelala.

Ijumaa, 12 Mei. Oia

Mjinga mimi! Saa tatu ya mwenye boti ni saa tatu ya Hispania. Kwetu ni saa mbili! Miaka kumi na tisa nauza mashati Vigo, huko huko Hispania, saa hiyo moja haijawahi kunipotea hata siku moja — leo ndiyo imepotea. Kikombe mkononi, nimeshasema, "Abílio, nina jambo —" mara sauti kutoka gatini: "Enyi mahujaji! Mto haungoji kahawa!" Mbio.

Dakika kumi za mto. Injini inanguruma. Katikati ya maji Abílio akaniinamia sikioni. "Dada, mwaka jana mimi —"

Boti ikagusa mchanga wa ng'ambo.

Na ni mimi niliyeweka kidole mdomoni. Mimi mwenyewe.

Ijumaa hiyo hiyo, alasiri

Naandika haraka, yuko mbele yangu. Kuandika si kutamka. Natumaini.

Tumefika hosteli. Mama mwenye nyumba kamwona Abílio mlangoni, akapiga makofi. "Ala! Bubu wangu! Umerudi, na safari hii umeleta mke!" Nikatikisa kichwa. "Dada yake? Na wewe bubu? Poleni, ukoo mzima!" Akamnyang'anya daftari amgongee. Ni mawili, jipya limefichwa ndani ya la zamani. La zamani likaanguka wazi mezani. Muhuri wa Oia, 12 Machi, mwaka jana.

"Alikula bakuli tatu za supu hapa," mama mwenye nyumba akaniambia, "na machozi yakimdondokea mkateni. Simu ikawa inaita, inaita! Nikamwambia, pokea, masikini, labda ni mkeo. Nikataka kuipokea mimi, akanishika mkono."

Siku ile nilipiga mara sita.

Nikageuza kurasa. Kila siku muhuri. Wa mwisho, Santiago, 19 Machi. Mama alikufa tarehe 16. Abílio alibisha mlangoni kwangu tarehe 20. Alikwenda kuilipa nadhiri peke yake, ili mama asife. Hapo mto alishauvuka, alishafunga mdomo. Na mimi nikamalizia: usifungue mdomo wako.

Zimebaki kilomita mia na arobaini. Siku saba. Neno moja tu likinitoka, mama anabaki ukingoni.

Amenimiminia supu. Hanitazami. Simu yake iko mezani, kando ya mkate.

Nimeitoa yangu. Nimepiga. Mara ya ishirini na nne.

Inaita. Ameona jina. Sasa ananitazama mimi.

Bado inaita. Sikati.