Nilivyomsafishia Ambilike Sauti

Lusaka, Zambia
Jumapili, nimekaa juu ya tairi la akiba

Dada yangu Tumpe,

Ugonile? Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, na kama mvua ya Nkunga haijamaliza hasira zake, basi nausalimu hata ule mgomba ulioangukia choo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Ile dawa anaipaka, au ameshampa jirani kama kawaida yake? Mimi ni mzima kama breki mpya. Nimenenepa kidogo. Nimenunua suruali ya mtumba ambayo mwenyewe wa kwanza lazima alikuwa na makalio ya tembo, maana ndani yake tungeingia mimi na wewe. Hapo usimsomee Mama.

Barua yako nimeisoma mara nne, dada. Mara ya kwanza nilidhani sijui kusoma. Unasema baba yake Atupele amemrudisha yule mtamba mwekundu niliyempeleka kuwa mahari ya huyo mchumba wangu. Amempitisha katikati ya Bagamoyo yetu ya hapo Tukuyu mchana kweupe, watu wametoka madukani kutazama, mpaka kwenye ua wa Mama, akamfunga mwenyewe na kuondoka bila hata kunywa maji. Na sababu ni kwamba Ambilike alipokuja likizo alisimama nje ya kanisa akawaambia watu kuwa nimeangusha lori la tajiri kwa ulevi, na siku hizi naosha matairi. Mama hajakwenda ibadani tangu siku hiyo.

Dada, kuosha matairi ni kweli. Hayo mengine nayajibu hapa, na nitakuambia na nilivyomfanya mwana wa watu. Kaa vizuri.

Huyu Ambilike unamjua, tumetoka naye Tukuyu kwenye lori moja, tumelala kwenye turubai moja, tumekula ndizi za mbalaga za Mama kutoka sufuria moja. Tajiri wetu ni mtu wa Tunduma. Tangu biashara ifunguliwe kila mwenye mtaji ananunua lori, na yeye anayo saba, yanatoka hapa Lusaka kwenda Johannesburg. Kila lori lina redio ya upepo, ndogo, imefungwa juu ya kichwa cha dereva. Ukibonya maiki unaongea, wenzako wa mbele na wa nyuma wanakusikia. Njia ikiwa mbaya, wa mbele anawaambia wa nyuma.

Sasa mimi, mtu niliyetembea dunia, ningekubali redio ya kawaida? Johannesburg nikanunua yenye mwangwi ndani yake. Ina nobu mbili, moja ya kuongeza mwangwi, nyingine ya kuurefusha. Ina pia swichi ya kujisikiliza mwenyewe kwenye spika wakati unaongea. Nikaongeza na maiki yenye betri, ya kukuza sauti. Nikazungusha vyote mpaka mwisho. Nikasema, "Haloo." Dada! Nilisikika kama mhubiri wa mkutano wa Injili akiwa juu ya mlima. Unakumbuka kwaya yetu ilipoletewa spika, wazee walikataa kabisa mwangwi upunguzwe, wakasema sauti isiyorudi ni ya mtu maskini? Basi na mimi nilikuwa tajiri. Ambilike naye kuona hivyo akanunua kama yangu.

Nikaishi na utajiri huo miezi miwili. Siku moja tunashuka ule mteremko wa kwenda mpakani Chirundu, kona juu ya kona, mimi mbele na marobota ya pamba, Ambilike nyuma yangu, wengine nyuma yake. Kwenye kona nakuta lori la watu wengine limelala, limeziba njia yote. Nikasimama, breki zinalia. Nikashika maiki: "Msishuke! Njia imefungwa! Simameni huko huko juu!" Nikarudia na kurudia. Mwisho hofu ikaniondoa Kiswahili chote, nikapiga kelele kwa Kinyakyusa, kama ninavyokuita wewe kutoka mtoni.

Redioni nikamsikia Ambilike anawaambia wenzake, "Ni Lusekelo, anatuimbia. Shukeni tu."

Akaja. Alikwepa, akanigonga tela, lori langu likaenda mtaroni na pamba yote. Hakufa mtu, Mungu alikuwa macho. Tajiri akatuita. Madereva wengine wakasema ukweli wao: "Tulisikia ngurumo tu, bosi. Maneno hayakuwamo." Ambilike akasema, "Alikuwa amelewa, anaimba." Mimi, dada, nisiyeonja hata togwa iliyolala! Tajiri akaninyang'anya funguo mbele ya watu, nikapewa ndoo na brashi. Kuanzia hapo kila lori likipita yadi madereva wananiita Debe, na Ambilike kwenye redio anaigiza sauti yangu, "Mwaa-mwaa-mwaa," wote wanacheka.

Nilinuia kumpasua kichwa. Sikufichi. Nilichagua na spana, namba thelathini na mbili.

Aliyenizuia ni fundi wetu wa redio, mzee Phiri, Mzambia mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Akaniona naizungusha spana mkononi. "Iwe, wewe Tanzania," akasema, "unataka kumpiga mtu kwa sababu hukusikika? Sikika kwanza. Utampiga baadaye."

Akanipeleka kwenye redio yangu, tuliyoitoa mtaroni. Akaniweka ndani ya lori lingine upande wa pili wa yadi, yeye akaongea kwa redio yangu jinsi nilivyoiacha. Dada, niliona aibu peke yangu. Neno la kwanza halijaisha, la pili limelipanda mgongoni, la tatu linawakanyaga wote. Debe kweli. Miezi miwili nilikuwa najisikiliza kwa spika yangu mwenyewe na kujipigia makofi, na kumbe anayejua sauti yako ni yule wa mbali.

Kosa langu likanifundisha kazi. Jioni nikishaweka ndoo chini, Phiri ananifundisha, na mimi kichwa changu unakijua, mwalimu alinikimbiza darasa la sita kwa wivu tu. Kwanza unazima mwangwi wote, unatengeneza sauti kavu. Umeme wa redio unautoa moja kwa moja kwenye betri, la sivyo injini inalia ndani ya maneno yako kama mbu. Antena unaipima kwa mita na kuirefusha au kuifupisha mpaka ikubali. Waya wa maiki uliochoka unakatwa, unaunganishwa upya. Nguvu ya maiki unaishusha mpaka robo. Unaiweka vidole viwili kutoka mdomoni, pembeni kidogo, unaongea kama unavyoongea na mtu mnayekaa naye jikoni, hupigi kelele. Kila ukigusa kitu, mwenzako wa mbali anakuambia amesikia nini. Mwisho kabisa ndipo unarudisha mwangwi, mfupi, kidogo. Phiri anasema ni chumvi, sio ugali.

Tajiri aliposikia redio yangu inavyoongea, akaagiza malori yote yaje nizitengeneze redio zao. Yote saba.

Nadhani umeshaona nani alikuja.

"Debe!" Ambilike akasema, akaruka chini na miwani yake ya jua. "Umekuwa fundi siku hizi? Mwangwi wangu usiniguse. Hiyo ndiyo heshima ya mwanaume."

"Nitakuachia, kaka," nikasema. "Nakusafishia maneno tu."

Redio yake nikaishika kwa mikono hii. Ilikuwa mbovu kuliko yangu, hata alipokuwa ananitukana nusu ya matusi ilikuwa inapotea hewani. Ningeweza kuiharibu kabisa, awe bata mpaka kiama. Spana ilikuwa pale pale mezani. Lakini mimi namjua Ambilike tangu tukiiba miwa. Ukimpa kisu anaweza kukukatia mkate. Ukimpa sauti, lazima atukane. Basi nikamtengenezea, dada, kwa moyo wangu wote. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Mwangwi nikamwachia kiduchu, ajione bado mwanaume.

"Sasa nenda mpaka njia ya Kafue," nikamwambia, "uongee. Maneno marefu, nikupime."

"Niongee nini?"

"Habari yoyote unayoipenda."

Akaondoka. Mimi nikaingia ofisini, ambako kuna redio kubwa, na tajiri alikuwa pale anakunywa chai. Nikamwambia, "Bosi, sikiliza kazi ya mikono yangu." Nikaongeza spika.

Ambilike akaja, safi, utadhani amekaa kwenye kiti cha pili. "Debe, unanipata? Nikupe habari ninayoipenda? Siku ile mteremkoni nilikusikia, bwana! Wenzangu walisikia ngurumo, mimi nikasikia Kinyakyusa chako chote, ulivyolia kama mtoto kuwa njia imefungwa. Nikasema huyu anajifanya msemaji wa barabara, leo acha aonekane mjinga. Nani alijua kona yenyewe ni ile? Na ulevi nimekupa bure, chukua. Vipi, nasikika?"

Tajiri akaweka kikombe chini. Akachukua maiki, vidole viwili kutoka mdomoni.

"Unasikika vizuri sana, Ambilike. Rudi yadi. Funguo uzilete mkononi."

Na si bosi peke yake, dada. Madereva wengine wote walikuwa hewani, wamesikia kila neno.

Sasa funguo ninazo mimi, na ndoo anayo yeye. Siku ya kwanza hakuwa na chakula, nikamgawia ugali wangu, nusu kwa nusu, maana ni mtu wa kwetu na ana mama. Alikula bila kuniangalia. Tulipomaliza nikamwonyesha lori langu. Ameliosha mara tatu, na mara zote tatu nimemwambia tairi la nyuma bado.

Tajiri ameandika mwenyewe maelezo ya yote haya na kutia sahihi, nimeyaweka ndani ya bahasha hii. Mpe mjomba ayapeleke kwa baba yake Atupele, amsomee mbele ya wazee. Umeniandikia Atupele amesema aliyerudisha ng'ombe ni baba yake, sio yeye. Neno hilo nimelikunja mfukoni, linanifikisha Johannesburg na kunirudisha. Baba akikubali, mfungueni yule mtamba, mumrudishe.

Ila msipite njia ya mkato. Mpitisheni njia ile ile, siku ya soko, watu wakiwa wametoka madukani.

Msalimie Mama, mwambie avae kitenge kipya aende ibadani, akae benchi la mbele. Mjomba namsalimu kwa heshima, shemeji namsalimu kwa utani, watoto waambie nawaletea viatu vinavyowaka taa. Mzee wa kanisa aliyemsikiliza Ambilike msalimie mara mbili. Jirani anayepakwa dawa ya Mama naye msalimie. Ndaga fijo kwa kunitunzia jina.

Na mkifika Msasani ya hapo hapo Tukuyu, mlangoni kwa mama yake Ambilike, msimamishe ng'ombe kidogo apumzike. Mama wa watu hana kosa, msiseme kitu kibaya. Akiuliza habari za mwanawe, mjibuni kwa upole kwamba ni mzima, na siku hizi anasikika vizuri.

Mdogo wako, dereva,
Lusekelo