Siku Tuliyokwenda Kumwona Mtoto wa Achola

S.L.P. 417,
Kitengela.
19 Januari 2025.

Mpendwa dada Nekesa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti lako linaendeleaje, na joto la huko Doha limepungua? Huku tu wazima. Mama amepona kile kikohozi, mvua ilinyesha kidogo ikatuacha, na upepo wa Kitengela bado unaingiza vumbi hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Barua hii nampa Cindy anayesafiri kuja huko akuletee, kwa sababu kwenye simu tunakatikakatika, na habari hii nataka uipate yote.

Uliposikia nimefanywa msimamizi wa karakana ya sweta, ulicheka ukasema nitawapanga watu kama vijiko kwenye droo. Dada, ndivyo nilivyofanya.

Saa ya chakula kila mtu alikuwa akienda kwa watu wa lugha yake. Wakikuyu walikaa mlangoni, Wakamba kwenye benchi la nje, sisi Waluhya karibu na mfereji wa maji, na Nasieku, Mmaasai wetu wa pekee, juu ya magunia ya uzi. Sikupendezwa. Niliunganisha meza, nikabandika ratiba ukutani: nani akae karibu na nani, kila siku jirani mpya, na Kiswahili tu. Mama Mwihaki, mwenye karakana, alinisifu. Lakini meza ikawa kimya kama chumba cha mtihani. Githongo, mzee wetu wa kupiga pasi, alisimama mbele ya ile karatasi akauliza kwa sauti, "Madam, leo ni zamu yangu kucheka na nani?" Wakacheka, na mwezi huo sikusikia kicheko kingine mezani.

Sasa nikujulishe Achola. Yeye ndiye anayetushonea kola. Kola isipokaa vizuri sweta nzima hurudishwa, na kola za Achola hazijawahi kurudi. Alijifungua Julai, akarudi kazini Oktoba. Novemba, tukiwa tumepokea kazi kubwa ya shule moja ya Kajiado, alinijia akasema anaacha kazi mwisho wa mwezi na kurudi kwao Siaya. Msichana wa kumwangalilia mtoto alikuwa ametoroka, na hakuwa na mtu mwingine. Nikamsihi avumilie, nikamwambia hapa sisi ni familia.

"Familia?" akasema, bila hasira. "Naliaka, mimi nilizaa. Nani hapo kwenu alikuja kuona mtoto?"

Wewe unajua kwetu hata jirani mliyegombana naye akizaa, utabeba unga uende. Niliuliza mezani. Kila kikundi kilidhani watu wa kwao Achola wamekwenda, na pale karakana Mjaluo ni yeye tu. Githongo alikuwa amepangwa karibu naye mara kadhaa kwa ratiba yangu, wanapitishiana chumvi, lakini hakujua kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Akaweka kijiko chini.

"Hii ni aibu," akasema. "Jumapili tunaenda. Na hiyo karatasi yako, madam, usiibebe."

Jumapili baada ya kanisa tukakutana Noonkopir, anakopanga Achola. Nasieku alileta kibuyu cha maziwa lala, Wakamba muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa, Wakikuyu ndizi na unga wa uji. Mimi nilileta kuku hai, naye akanitoroka getini. Tulimkimbiza ploti nzima, hata Mama Mwihaki na viatu vyake vya kanisani. Achola alifungua mlango kwa sababu ya kelele hizo, akatukuta tunahema, kuku yuko kwapani mwa Githongo.

"Sopa, yeyo!" Nasieku akamwamkia, kama kwao wanavyomwamkia mama. "Tumechelewa, lakini tumefika. Leta huyo mtu wetu tumwone."

Hatukukaa kama wageni. Wengine walichota maji, wengine wakapika, na mtoto, msichana anayeitwa Hawi, akapita mikono yote. Githongo aliomba pasi ya makaa, akaanza kunyoosha nguo zote za mtoto, moja baada ya nyingine.

"Achola, hii shati yote ni ndogo kuliko kola zako," akasema. "Halafu kifungo umeweka upande mbaya!"

"Si mimi, mzee, hiyo ni mtumba!" Achola akajibu, akacheka hadi akashika ukuta. Tumefanya kazi pamoja miaka mitatu, dada, na sikuwa nimejua anacheka kwa sauti hivyo.

Ndipo Nasieku, akiwa anaosha vikombe, akamgeukia Mama Mwihaki. "Mama, ile stoo ya uzi iko na dirisha. Huyu mtoto hawezi kulala pale?"

"Mimi niko na karakana, sina kliniki," Mama Mwihaki akasema.

Githongo hakuinua macho kwenye pasi. "Mtoto akilia, mama, tutamnyamazisha. Mashine ya kola ikinyamaza, utailiza na nini?"

Mama Mwihaki alikoroga uji wake. "Kesho hamisheni uzi," akasema. "Lakini ukipata mkojo, mtaufua wenyewe."

Tulipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Achola alimtoa Hawi mgongoni mwake, akamfunga kwenye mgongo wa Nasieku.

Desemba yote ikaenda hivyo. Mtoto alilala stoo, na mwenye nafasi ndiye aliyembembeleza, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Sweta zilikwisha kabla ya Krismasi. Shule zilipokaribia kufunguliwa, tulipanda basi la Namanga hadi Kajiado kuzikabidhi. Mwalimu mkuu alivuta kola moja, akaivuta tena, akauliza nani ameshona. Nikamwonyesha Achola. Achola akatikisa kichwa.

"Hizi tumeshona kwetu, mwalimu," akasema. "Kwetu, Kitengela."

Usiku huo neno hilo nililiandika kwenye shajara yangu, nikalipigia mstari. Mwalimu ametupa na kazi ya muhula ujao.

Siku hizi mezani kila mtu anakaa anapotaka, na kelele ni za soko. Ratiba yangu anayo Githongo. Anaitumia kupimia moto wa pasi, na sasa imeungua hadi kwenye jina langu.

Mama anakusalimu sana. Mdogo wetu Brayo anauliza juu ya viatu ulivyomwahidi. Nasi tunamsalimu Caro mnayekaa naye. Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe kwetu ukitembea wima. Na ukija likizo Aprili usije mikono mitupu, maana kabla hujafika nyumbani tutapitia Noonkopir. Hata wewe hujamwona mtoto.

Mdogo wako akupendaye bila kupungukiwa,
Naliaka