Ni Nani Aliyekuwa Akiisaidia Kompyuta Yetu?

Chumba cha Kudarizi,
Juu ya Duka la Viatu.
Jumamosi, 8 Novemba.

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au baridi bado inakusumbua? Sisi tu wazima, ila magoti ya baba yako mdogo yanagombana na ngazi kila asubuhi.

Mwenzio nimevurugika kichwa. Ile kompyuta uliyotuachia, inayoiongoza mashine ya kudarizi, ilileta ujumbe katikati ya kazi: msaada wa mfumo huu umekoma. Msaada gani tena? Miaka yote hii nilidhani tunajitegemea! Baba yako mdogo, unamjua, akasema, "Kama inawaka, ni nzima," akarudi kwenye chai yake.

Nikamwita fundi wa kompyuta, tunayemwita Bwana Waya. Akanieleza kwamba waliotengeneza mfumo hawatauziba tena ukitoboka, na wezi wa mtandaoni wanaweza kupenya.

"Kwa hiyo imekufa?"

"Haijafa, mama. Imeachwa."

Hapo ndipo aliponichanganya kabisa. Kitu kizima kinaachwaje?

Basi nikakubali aweke mfumo mpya. Kwanza alinakili mafaili yote kwenye diski ya pembeni, nami nikanung'unika kwamba anapoteza muda. Kumbe! Mfumo mpya ulipowaka, kompyuta na mashine hazikujuana tena, utadhani hazijawahi kuonana. Majoho thelathini ya kwaya yalikuwa mezani bila nembo, na michoro ya marehemu mama yako haikufunguka hata mmoja. Nililia mbele ya fundi bila aibu. Dada yangu hakupenda picha wala hakuandika daftari. Michoro ile ndiyo tuliyobaki nayo.

Bwana Waya alihangaika siku mbili. Mwishowe akaurudisha mfumo wa zamani, akachomoa waya wa intaneti, akasema, "Hii idarizi tu, isitoke nje." Wateja watatuandikia kwa simu. Ati mfumo mpya ndio haufai, na ulioachwa ndio unaofanya kazi! Bado sijaelewa, lakini majoho yalitoka.

Sasa sikiliza. Akirudisha mafaili, alikuta mchoro ambao sijawahi kuuona. Umeandikwa jina lako, na tarehe yake ni wiki ile mama yako alipolazwa. Nikaudarizi siku hiyohiyo kwenye kitambaa cheupe. Mafaili haya huhifadhi njia ya sindano tu, rangi hayasemi, kwa hiyo nilitia uzi mweusi.

Baba yako mdogo anashikilia kuwa ni samaki. Bwana Waya anasema ni jani. Mimi naona bawa la ndege, na nikikigeuza kitambaa naona kiganja cha mtoto. Tumebishana hadi chai ikapoa.

Nimekikunja humu ndani ya bahasha. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa ubavuni mwake akichora. Kitazame taratibu, uniambie ni nini, na alitaka rangi gani.

Msalimie mkeo, na hao pacha wasikutoe roho. Baba yako mdogo anakusalimu sana, na babu anauliza utakuja lini. Mungu akulinde utokapo na uingiapo.

Akupendaye kama alivyokupenda dada yangu,
Mama yako mdogo