Sikuugua Siku ya Harusi ya Avelina

Namswea,
Mbinga, Ruvuma.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Restituta,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Geita, wewe na shemeji Bartholomayo. Goti lako linaendeleaje? Sisi hatujambo. Mama amepona kikohozi, anakula vizuri, na bado anagombana na kuku wanaoingia jikoni. Kahawa tumemaliza kuchuma wiki iliyopita, tunaendelea kuanika.

Ujumbe wako niliupata. Kusikia Aidan wako anafunga ndoa Desemba, tena hukohuko Nkhata Bay alikoolewa Avelina wangu, nilipiga vigelegele mpaka mama akauliza nani kajifungua. Lakini ulipopiga simu ukitaka nikueleze safari ya Malawi ilivyo, nilikata simu nikasingizia mtandao. Nisamehe.

Restituta, mimi sikufika Nkhata Bay. Mliambiwa Hedwiga kashikwa na malaria, kabaki Kyela. Sikuwa na malaria. Nilizuiwa mpakani kwa sababu sikuwa na pasipoti.

Avelina alitukumbusha tangu Machi mwaka jana. Mwezi wa Mei mume wangu Egidi alikwenda Songea kushughulikia yake, akaniambia twende wote. Nikamjibu, "Tangulia wewe. Kahawa ikidondoka nani ataokota?" Nilikuja kwenda mwishoni mwa Julai. Kumbe kitambulisho changu kinasema Hedwiga na cheti cha kuzaliwa kinasema Edwiga. Nikaambiwa nikaape kiapo cha majina ndipo nirudi. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili. Nikakata tamaa, nikawasikiliza wanawake wa sokoni waliosema mpakani wazee wanapita tu.

Tulifika mpakani Kasumulu siku ya Alhamisi. Afisa wa uhamiaji alikuwa kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo kabla ya kunikatalia. Egidi alikuwa ameshagongewa muhuri. Nikamwambia, "Wewe nenda. Mwambie mama yake ana homa."

"Siwezi kumdanganya mtoto kwenye ndoa yake," akasema.

"Basi nitampigia mwenyewe."

Nikampigia palepale, pembeni ya wauza ndizi, nikaifanya sauti yangu kuwa ya mgonjwa. Avelina akasema, "Pole mama, pumzika. Usijilazimishe." Egidi alichukua begi lake akaenda bila kuniangalia.

Jumamosi asubuhi, kwenye nyumba ya wageni pale Kyela, nilivaa gauni la sare nikafunga na kilemba. Mwenye nyumba akaniuliza kama nakwenda harusini. Nikamjibu nimetoka. Nilikaa kitandani hivyo hivyo mpaka jua likageuka, ndipo nikavua.

Sasa nikueleze mambo ya safari, nikianza na pasipoti. Shughulikieni mwezi huu huu. Kabla ya kwenda uhamiaji, tandika vyeti vyote mezani umwite shemeji asome majina herufi kwa herufi. Wewe uliandikwa Restuta kwenye cheti cha kipaimara, nakumbuka.

Chanjo ya homa ya manjano mchome mapema na mtunze kadi, msingoje mpaka wiki ya safari. Watu watakuambia mje huku mvuke ziwa kwa boti kutoka Mbamba Bay, kwamba ni mkabala tu. Ni kweli ni mkabala, lakini boti siku nyingine ipo na siku nyingine haipo, na harusi haingoji. Piteni Mbeya, mlale Kyela, mvuke asubuhi. Kutoka mpakani Egidi alitumia siku nzima mpaka kufika, kwa hiyo msipange kuwasili siku yenyewe ya ndoa.

Ndoa ilifungwa kanisani, sherehe ikafanyika mchangani. Egidi anasema akina mama wenye visigino walizama wakaishia kuvua viatu, basi beba ndala nzuri. Kilemba kibane kwa pini, upepo wa ziwa hauna mchezo. Desemba huenda mkanyeshewa, hivyo chukua kitenge cha ziada, dawa zako za goti na chandarua.

Hayo yote nimeyapata kwa Egidi, kidogo kidogo, maana picha za harusi hapendi kuziangalia nikiwepo.

Jumapili iliyopita, baada ya ujumbe wako, nilishindwa kuvumilia nikampigia Avelina nikamweleza kila kitu. Kisha akasema, "Mama, wageni tulikuwa arobaini tu. Ungeniambia ile Alhamisi, ningeisogeza mpaka pasipoti yako itoke."

Nililia, naye akalia. Mwaka mzima nilikuwa nikijutia ile kahawa, Restituta. Kumbe kahawa ilinichelewesha tu. Ni ule uongo ulioninyima harusi ya mwanangu. Nilidhani namwepusha na aibu yangu, kumbe nilimwamulia jambo ambalo yeye hakuulizwa.

Kwa hiyo likitokea lolote njiani, mwambie Aidan ukweli saa hiyo hiyo.

Pasipoti yangu ilitoka Februari. Nitakuja, tukutane Kyela, tuvuke pamoja. Avelina amesema atakuja kunipokea mpakani. Ila harusi yake haitarudiwa, na hilo nitakwenda nalo.

Mama anakusalimu, anasema umlete huyo mkwe apimwe kwa macho yake. Egidi naye anakusalimu sana. Msalimie shemeji, na Aidan mwambie mama yake mkubwa anamwombea. Mungu awafungulie njia na awafikishe salama, nyote kwa idadi yenu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda tangu nilipokubeba mgongoni,

Hedwiga