Cheusi Ameitika

Kaka Beda,

Nimeolewa! Jumamosi iliyopita, kaka, nimeolewa na Wilmer wangu, na nilipendeza mpaka nikajiogopa kwenye kioo. Gauni nilishonewa na yule fundi Mchina wa soko la Zhanqian uliyekuwa ukimtania kila siku. Wilmer alipofunua shela alilia kabla yangu, mwanamume mzima, machozi mpaka kwenye tai. Nampenda, Beda. Nampenda hata akikoroma.

Kisha nikageuka kulia, pale ulipotakiwa usimame. Tulikuwa tumeweka kiti, na koti lako la bluu juu yake. Kiti tu. Nikalia mpaka wanja ukanifika shingoni.

Duka lako la mizigo hapa mtaani Dengfeng sasa linauza simu. Nikifika pale nahamia upande wa pili wa barabara. Bado siwezi. Kule Shiling, laoban, yule bosi wa kiwanda cha mikoba, bado anamuuliza Wilmer, "Feizhou?", yaani wewe wa Afrika? Zamani Wilmer alikuwa anakataa, Kolombia, Kolombia. Siku hizi anajibu ndiyo, Feizhou, shemeji yangu alinikumbusha.

Unakumbuka siku ya kwanza? Wilmer alikuja dukani kutuma mikoba yake, kofia kaigeuza nyuma, akigonga boksi na kuchana mistari kwa Kihispania. Akaniona. "Hola, negra!" Wewe uliruka marobota. "We! Umemwitaje dada yangu?" Maskini, akainua mikono kama mwizi aliyekamatwa. Kwa Kiingereza chake cha kuunga-unga akaeleza kwamba maana yake ni mweusi tu, na kwamba kwao, pwani ya Kolombia, wanakoishi wajukuu wa watumwa, neno hilo mtu mweusi anaweza kutukanwa nalo barabarani, na akifika nyumbani mama yake anambembeleza kwa neno lilelile. Vijana wa hip-hop wa mtaani kwao wakalishika, wakalitia kwenye mistari yao, wakaliimba kwa sauti kubwa. Dada yake aliyekuwa akiunguza nywele kwa dawa sasa anasuka nywele zake mwenyewe. Watoto wakiulizwa wao ni nani wanasema weusi, bila kuinamisha kichwa.

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Kumbe Mama amewatangulia! Huyu sisi nyumbani tunamwita Cheusi!"

Nilinuna. Jina hilo nilikuwa siliitikii tangu shuleni, tangu wasichana wenzangu walipolifanya kichekesho nami nikaanza kujipaka mkorogo. Wewe hukukoma. "Cheusi! Leta gundi! Cheusi, chai!" Nami nageukia ukutani, najifanya sisikii. Lakini Wilmer alipoiita rangi yangu kwa lugha yake, taratibu, kama mtu anayeonja embe la kwanza la msimu, moyo wangu uliyeyuka wote. Lile kopo la mkorogo nililitupa mwenyewe, na wewe ukajifanya hujaona.

Halafu mkarekodi wimbo wenu katikati ya marobota, mmetundika blanketi ukutani. Yeye anachana "mi negra", mweusi wangu, wewe unajibu "Cheusi wetu". Ukakohoa katikati ya mstari wako, ukakataa kurudia. "Acha hivyohivyo, ndiyo uhalisia." Laiti tungekijua kile kikohozi, kaka. Tungekijua.

Mama alikuwa hajamkubali Wilmer, na wewe ukasema, "Niachie mimi, Mama nitamweleza." Ukaenda hospitali. Hukurudi kumweleza.

Basi siku ya harusi tulimpigia Mama simu ya video. Wilmer kwa furaha yake akanibeba juujuu, "Mi negra! Mi negra!" Binamu yetu Stela, aliyekaa karibu na Mama, akamnong'oneza maana aliyoijua yeye, ile ya tusi. Uso wa Mama ukakunjamana. "Mmoja nimemzika juzi, na huyu wa pili anatukanwa mbele yangu, naye anacheka?" Nikageukia kiti chako. Mwenye maneno ulikuwa wewe.

Wilmer hakujua Kiswahili cha kujitetea. Akachukua simu yake, akaweka wimbo wenu, akaisogeza kwenye ile simu tuliyokuwa tunamwona Mama.

Mi negra. Cheusi wetu. Kikohozi.

Mama akashika kifua. "Hiyo si sauti ya Beda?" Kisha, taratibu sana, "Rudisha hapo." Tukarudisha. Akasema tena, rudisha. Alikuwa anasubiri kile kikohozi, kaka, nilimwona. Alilia, tukalia wote, hata mpiga picha Mchina ambaye hakuelewa lolote. Wilmer akajaribu kuuimba mstari wako, "Kiusi wetu." Mwisho Mama akajifuta kwa kanga. "Haya, mwambie mkwe wangu alitamke vizuri jina lako. Cheusi. Si Kiusi." Mkwe wangu! Umesikia?

Halafu akaniita, "Cheusi!" Nikaitika, "Abee, Mama."

Wewe uliniita mara ngapi, nami nikageukia ukutani? Pumzika, kaka yangu. Tukirudi nyumbani nitamleta shemeji yako kaburini, achane sehemu yake, na ya kwako tutakuachia kimya. Nikijaliwa binti atakuwa Cheusi, na hatalionea haya jina lake hata siku moja. Nakuahidi. Na wimbo ukifika pale, kabla ya kikohozi, unaponiita, sigeukii tena ukutani.

Abee, kaka.

Mdogo wako,
Cheusi