Picha Moja Iliyobaki ya Bendi ya Umeme Umerudi

Mwaka mmoja na siku tisa sasa, Thiha Kaung, tangu homa ya dengue ikuchukue kwa siku sita tu. Siku tisa hizi tumekucheleweshea maneno ya kumbukumbu yako, utuwie radhi. Si uvivu, ni woga, na woga wenyewe bado tunao. Gazetini tutapeleka mistari mitatu bila picha. Haya marefu tunakusomea wewe hapa nyumbani, kwa sauti ya chini, na atakayesikia kwa bahati asikie na anyamaze.

Ulikuwa fundi wa mafeni, na mtaa mzima unakusifu mpaka leo. Feni ya mtu hukuirudisha bila kuipangusa, hata kama aliileta imejaa masizi. Ulimkanda mama miguu bila kuombwa. Ulikula pilipili kama umetumwa, kisha ukalia machozi na kusema ni vumbi.

Na ulikuwa na bendi yako ya post-panki, roki ya besi nzito na huzuni, ambayo mama aliita nyimbo za watu waliokosa wachumba. Ulipiga gitaa la besi umefumba macho, na dada yako Hnin Ei alisimama mbele na kamera. Mpiga ngoma wenu, ambaye jina lake hatuliandiki, alikuwa na haraka ya kuzaliwa nayo. Kila wimbo alitangulia, nawe ukamfokea mbele za watu: "We, subiri! Unakimbilia wapi, mkeo anajifungua?" Watu walikuja kusikia kufokewa kwake kama walivyokuja kusikia muziki.

Kila onyesho lilianza gizani, taa za ghala mlimopigia muziki zimezimwa zote. Kisha mpiga ngoma akapiga ukelele ule tunaopiga sote mtaani umeme unaporudi baada ya kukatika: "Umeme umerudi!" Ghala zima likaitikia, na taa zikawaka. Ndipo mlipopata jina la bendi.

Miaka imegeuka, Thiha. Mpiga ngoma wako aliongoza watu kupiga masufuria barabarani kuwapinga wenye bunduki, na tangu hapo wanamtafuta. Halali mahali pamoja siku mbili. Lakini ulipokaribia mwaka wako alisema liwe liwalo, atakula sadaka ya rafiki yake. Alifika jioni ya kuamkia siku yenyewe, akalala chumba cha nyuma, na hatukumwandikisha kwenye orodha ya wageni ya ofisi ya mtaa. Unajua adhabu yake. Watu wa nyumba nzima hukamatwa.

Jioni hiyohiyo Hnin Ei alizitoa picha za maonyesho, thelathini na nane. Nyumba ya pili kutoka kwetu ilipekuliwa mwezi uliopita, wakakuta picha ya watu wengi, wakaanza kuhesabu nyuso. Basi akakaa mbele ya jiko la mkaa na kuzichoma moja moja. Hapa wewe na besi. Hapa mpiga ngoma ameruka kutoka kitini. Hapa vijana wa mtaa, jasho tupu, nusu yao leo hatujui waliko. Alilia, mama akamwambia achome haraka kabla supu haijashika harufu.

Ya mwisho hakuichoma. Mstari wa mbele kabisa alikuwepo kijana kifua wazi, shati amelifunga kichwani, mdomo wazi mpaka unaona magego. Alikuwa Myo Zin, ambaye siku hizi ni karani wa ofisi ya mtaa na ndiye mwenye daftari la wageni.

"Hii itatufaa," Hnin Ei akamwambia mama. "Akitugusa, naye tunaye."

Asubuhi yako watawa wa Buddha walikula, wakakuombea, wakaondoka. Majirani wakakaa mkekani na mabakuli ya supu ya samaki na tambi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Mara Myo Zin huyo mlangoni, daftari kwapani. Hakualikwa, lakini nani hufukuzwa kwenye sadaka?

"Shangazi, nimefuata harufu," akamwambia mama.

"Karibu, mwanangu, kaa. Umekonda, hawakulishi huko?"

Akakaa chini ya feni, akala, akaangalia picha yako yenye ua la jasmini. "Waliolala hapa jana?"

"Ni wifi yangu tu, kutoka Pathein. Huyo hapo anakula kama wawili, mwandike mara mbili."

Watu wakacheka. Myo Zin akaandika. Hnin Ei alikuwa ameshika sinia, anaiomba mizimu yote karani amalize bakuli aende zake.

Hapo feni ikalia kidogo na kuanza kuzunguka. Taa ilikuwa bado inapepesa, haijawaka, mtaa bado haujatoa sauti, na kutoka chumba cha nyuma mwanamume akapiga ukelele: "Umeme umerudi!"

Ndipo mtaa mzima ukalipuka, nyumba kwa nyumba, umeme umerudi, umeme umerudi. Mazoea, Thiha! Mtu anafundisha miguu yake kutembea bila kishindo miaka miwili, kisha umeme ukirudi ulimi unamponyoka. Mama akaruka juu naye akapiga kelele, amechelewa, sauti kama anafukuza kuku. Hnin Ei akakaa chini na sinia lake.

Myo Zin alitafuna pole pole. Akamaliza. "Supu tamu," akasema, akafunga daftari.

Hnin Ei akamsindikiza mlangoni, picha ameikunja kifuani. Karani akainama kuvaa kandambili.

"Yule wenu bado anatangulia," akasema bila kuinua kichwa.

"Nani?"

"Kaka yako alikuwa anamwambia kila siku, subiri. Hasikii."

Hnin Ei akaitoa picha. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyarudia moyoni tangu jana: ukisema, nami nitasema. Lakini aliona kidole cha mguu cha Myo Zin kinatafuta kandambili na kuikosa, kinatafuta tena na kuikosa. Mtu yule alikuwa anaogopa kama yeye.

"Chukua, Kaka, ni yako," akasema. "Nyingine zote nimechoma."

"Nakala?"

"Hakuna."

Akaitazama. "Nilikuwa na kifua siku hizo," akasema, akaichomeka katikati ya daftari. Kisha, amempa mgongo: "Saa nane mchana wanapita kupekua mtaa huu. Si mimi ninayewaleta."

Mama alipojua, alishika kichwa. "Umempa? Ile ndiyo ilikuwa fimbo yetu!"

"Mama, mwoga ukimtishia anakimbilia kwa mwenye nguvu."

"Na asipokimbia?"

Hnin Ei akaenda kutafuta shati lako la kazi.

Mpiga ngoma aliondoka saa sita na nusu. Alivaa kikoi chako na shati lako la kazi, begani amebeba feni mbovu ya dirishani kwako, kama fundi anayepeleka kazi kwa mwenyewe. Saa nane wenye bunduki walikuja, saba, na viatu vyao hadi mkekani. Walimwaga mchele. Walikugeuza wewe, Thiha, wakabandua fremu kuona kama nyuma kuna kitu, wakakuta kadibodi. Mmoja akala ndizi yako ya sadaka.

Tangu siku hiyo kila pikipiki ikipunguza mwendo, tunaacha kupumua. Myo Zin tunapishana naye sokoni, anatazama mboga. Hatujui ameichoma ile picha au ameipeleka. Umeme ukirudi mtaa unashangilia, nyumba yetu kimya, kisha mama anaogopa kimya hicho kitatusema, naye anashangilia peke yake.

Jana mchana simu ya Hnin Ei ililia, namba ngeni. Hakuna aliyesema. Vilisikika vidole juu ya meza, mapigo manne, la nne limeliparamia la tatu kwa haraka. Ikakatika.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Wamekosea namba."

Mama akaendelea kuchambua mchele. "Wakikosea tena," akasema, "waambie wasubiri."

Tunaokukumbuka ni mama yako Daw Khin Saw Mu, dada yako Hnin Ei, shangazi yako Daw Ohn Tin wa Pathein, na mwingine mmoja aliye na feni yako. Picha ziwepo, zisiwepo, Thiha, hutoki mioyoni mwetu.