Ng'ombe Sita wa Coletha

Kijiji cha Ulaya, Kilosa

Dada Coletha,

Shikamoo. Barua hii nimempa jirani yetu Imelda akukabidhi mkononi huko Mikumi, maana siku hizi nikipiga simu yako anapokea shemeji.

Mpunga tumevuna vizuri. Baba goti linamsumbua, ila malishoni haachi kwenda.

Mwezi uliopita alikuja mtaalamu wa mifugo, akamfunga ng'ombe wetu kifaa puani apime pumzi yake. Akasema ng'ombe akicheua anatoa gesi inayoongeza joto duniani, na aliyezeeka anaitoa bure, hana maziwa wala ndama. Tuuze wazee, tupande majani bora, tubaki na wachache wenye afya. Nilidhani Baba atamfukuza. Wapi! Wazee wote tumewapeleka mnadani.

Wote isipokuwa sita, wale wa mahari yako. Wamekonda, wawili hata meno hawana. Mtaalamu akasema, "Mzee, hawa ndio wa kuanza nao." Baba akajibu, "Hawa hawauzwi." Mtaalamu akacheka, na mimi nikacheka naye.

Jioni nikamuuliza Baba kwa nini. Hakuniangalia.

"Coletha akichoka kule, mumewe atadai ng'ombe wake. Sitaki mwanangu ang'ang'anie ndoa kwa sababu mimi nimeuza."

Dada, ile habari yako kwamba mkono uliteguka kisimani, Baba hajawahi kuamini. Mimi ndiye niliyeamini, unisamehe.

Ng'ombe wapo, wote sita. Njoo.

Mdogo wako,
Seni